UZI: Ubaguzi wa rangi kwenye shule za Kikatoliki Marekani. Baada ya tamko na Misa, kinafuata nini?

#1 Karani_wa_Kigango

Wakuu salaam, na kwa Wakatoliki wenzangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Tangu George Floyd auawe Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, shule nyingi za Kikatoliki Marekani zimezoea mpangilio mmoja: tamko kwa barua pepe, Misa ya kuombea amani, halafu kimya. Kiangazi kile kile wahitimu weusi wa shule hizo walifungua kurasa za Instagram wakaanza kuandika yaliyowapata madarasani, kwenye mabasi ya michezo na ofisini kwa walimu wa nidhamu. Hapo ndipo wakuu wa shule wengi walipojua kwamba daftari lao la matukio lilikuwa tupu kwa sababu hakuna aliyeandika, si kwa sababu hakuna kilichotokea.

Mafundisho yapo. Maaskofu wa Marekani wametoa waraka kuhusu jambo hili 1958, 1979 na 2018, na ule wa 1979 unauita ubaguzi wa rangi dhambi bila kupepesa macho. Kinachokosekana ni kazi yenyewe: nani anafanya nini, lini, na asipofanya inakuwaje.

Waswahili wenye watoto kwenye shule hizi wameongezeka, hasa ndugu zetu Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi, ambao mara nyingi parokia ndiyo iliyowashika mkono. Naomba wanaojua mambo ya kamati za shule, sheria, sheria za Kanisa na historia waweke nondo. Ombi moja tu: habari za "mimi na mwanangu" zina nyuzi zake. Hapa tuweke hatua na sababu zake.

#2 Chuma_cha_Reli

Mkuu, kabla ya hatua tuangalie ni wapi ilishawahi kufanya kazi na kwa nini. Chukua majiji mawili, St. Louis na New Orleans.

St. Louis, 1947. Askofu Mkuu Joseph Ritter alikuwa hajamaliza hata mwaka tangu ahamie kutoka Indianapolis, ambako alishafungua milango ya shule kwa watoto weusi. Akaagiza shule za parokia zipokee watoto wote kwa muhula ule ule. Wazazi wapatao 700 wakaunda chama, wakachangishana, wakajiandaa kumpeleka mahakamani kwa hoja kwamba sheria za Missouri zinataka shule zitenganishwe. Jumapili ya tarehe 21 Septemba 1947 barua yake ikasomwa kwenye Misa zote: atakayemzuia askofu kazi yake ya kichungaji kwa kukimbilia mamlaka ya nje anajitenga na Kanisa mwenyewe, papo hapo. Wazazi wakakata rufaa kwa mwakilishi wa Papa Washington, hawakupata kitu. Oktoba chama kikavunjwa. Hiyo ni miaka 7 kabla ya Mahakama Kuu ya Marekani kutoa hukumu ya Brown mwaka 1954, iliyopiga marufuku utengano wa rangi kwenye shule za umma.

New Orleans sasa. Askofu Mkuu Joseph Rummel hakuwa mwoga hata kidogo. 1951 aliagiza vibao vya "weupe" na "weusi" viondolewe makanisani. 1955 waumini wa kikanisa cha Jesuit Bend walipomzuia padri mweusi kuadhimisha Misa, alisimamisha ibada pale. 1956 akaandika waraka kwamba utengano wa rangi ni dhambi. Lakini shule? Zilisubiri mpaka 27 Machi 1962 ndipo akatangaza kwamba zitafunguliwa kwa wote Septemba ya mwaka huo. Alikuwa na miaka 85, macho yamekwisha, na kazi ya utekelezaji ikabebwa na msaidizi wake mwenye haki ya kumrithi, John Cody.

Kati ya 1956 na 1962 wapinzani walipata miaka 6 ya kujipanga, na walijipanga kweli kweli. Tarehe 16 Aprili 1962 ikabidi awatenge na Kanisa watu watatu: Leander Perez, Jackson Ricau na Una Gaillot, baada ya kuwaonya kwanza kwa barua. Kule Buras, kwenye wilaya iliyotawaliwa kisiasa na huyo Perez, shule ya parokia ilisusiwa na wazazi weupe mara tu watoto weusi wachache walipoingia.

Wote wawili walikuwa na mafundisho sahihi. Ritter aliweka tarehe ya karibu na gharama ya kukaidi ndani ya mwezi mmoja. Rummel aliweka mafundisho kwanza, tarehe ikaja baadaye sana. Tamko lisilo na tarehe ni zawadi kwa anayelipinga.

#3 Ngalawa_Mbovu

Kwa hiyo mtoto wa darasa la sita akimtukana mwenzake rangi tuwatenge na Kanisa familia nzima? Mbona mnapenda kuua sisimizi kwa nyundo?

#4 Chuma_cha_Reli

Hapana mkuu. Adhabu ile ilikuwa ya watu wazima waliojiandikisha kupinga, si ya watoto. Angalia umbo lake: agizo moja, siku moja, na matokeo yaliyotangazwa mapema. Barua za shule za 2020 nyingi zilikuwa na "tutasikiliza", "tutatafakari", "tutatembea pamoja". Hakuna kitenzi hata kimoja kati ya hivyo ambacho mzazi anaweza kurudi Novemba akauliza kimefikia wapi.

#5 Kinyago_cha_Mpingo

Nakazia kwa mfano wa Afrika Kusini. Maaskofu wa huko walitoa tamko kali dhidi ya apartheid mwaka 1957. Tena lina uungwana ambao matamko mengi hayana: linakiri kwamba utengano uko ndani ya nyumba yao wenyewe, kwenye shule, seminari, nyumba za watawa na hospitali zao. Halafu nini? Shule zilizokuwa za weupe zilianza kupokea watoto weusi kwa makusudi Januari 1976, pale masista wa mashirika kadhaa walipoamua kuwapokea bila kusubiri kibali cha serikali. Miaka 19 tangu kukiri mpaka kufungua mlango. Na walioufungua ni waliokuwa na funguo za madarasa.

Kwa upande mwingine, tuseme kweli, walibanwa. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya 1953 ilikata ruzuku kwa shule za misheni za Waafrika. Makanisa mengine yakakabidhi shule kwa serikali, Wakatoliki wakachangisha fedha ili wabaki nazo. Waliwatunza watoto weusi kwenye shule za weusi kwa jasho, huku shule za weupe za shirika hilo hilo zikiwa barabara ya pili. Mtu anaweza kujitoa mhanga upande mmoja na akafumba macho upande wa pili.

Na sisi tusijione malaika: Tanganyika ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, kila kundi na bajeti yake. Mwalimu Nyerere alifundisha Mtakatifu Fransisko, Pugu, ndani ya mfumo huo huo. Mgawanyo ule ulifutwa kwa sheria baada ya uhuru, nao ulikuwa na tarehe ya kuanza.

#6 Mlezi_Zamu

Haya, hatua. Naandika kwa shule ya parokia ya kawaida, chekechea mpaka darasa la nane, ambayo haina ofisa wa kushughulikia ubaguzi. Mkuu wa shule, katibu muhtasi, paroko, na mshauri wa wanafunzi anayekuja siku mbili kwa wiki.

Saa ya kwanza: mtoto aliyeumizwa anakaa na mtu mzima anayemwamini, na HAULIZWI kisa kizima na kila anayepita mlangoni. Asimulie mara moja, kwa mtu mmoja, na aandikiwe maneno yake kama yalivyotoka. Anayeandika asisafishe. Kama mtoto ametaja neno, liandikwe lenyewe kwenye ripoti ya ndani. Ripoti inayosema "maneno yasiyofaa" haina thamani wiki mbili baadaye, kwa sababu hata "mjinga" ni neno lisilofaa.

Mashahidi wakae mbalimbali, kila mmoja aandike au asimulie peke yake. Ukiwaweka benchi moja nje ya ofisi kwa dakika 20, unapata kisa kimoja chenye sauti nne.

Kama ni ujumbe wa simu au mchoro ukutani: piga picha kwanza, pamoja na tarehe, saa na jina la kundi la mazungumzo, ndipo ufute au upake rangi. Kosa hili linajirudia kila mahali. Fundi anafuta ukuta wa choo asubuhi kwa nia njema kabisa, na ushahidi unaondoka na ndoo ya maji.

Siku hiyo hiyo, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani: simu kwa wazazi wa aliyeumizwa. Wao KWANZA. Kisha wazazi wa aliyetenda. Kisha paroko na ofisi ya elimu ya jimbo la Kanisa. Kukiwa na tishio la kuumiza mwili au silaha, polisi wanapigiwa mapema kuliko hao wote. Mzazi akilijua jambo kwa kusoma barua ya jumla pamoja na familia 150 nyingine, umeshampoteza, hata ukifanya mengine yote sawasawa.

Saa 48: mtoto arudi darasani kwa mpango. Anakaa wapi, nani anamwangalia wakati wa chakula na kwenye basi, amwendee nani akiguswa tena. Anayehamishwa dawati au darasa ni aliyetenda. Shule nyingi humhamisha aliyeumizwa "kwa usalama wake", naye anaelewa vizuri kabisa kwamba ameadhibiwa.

Siku 10 za shule: uamuzi kwa maandishi kwa familia zote mbili.

#7 Bi_Mkubwa_wa_Dayton

Mlezi, asante sana. Hiyo barua ya jumla iandikweje? Zinazotumwa zinafanana na tangazo la msiba wa mtu asiyejulikana.

#8 Mlezi_Zamu

Dada, aya tatu zinatosha. Mfano:

*"Jumanne tarehe 14, wakati wa mapumziko ya mchana, mwanafunzi alimwita mwenzake neno la kibaguzi dhidi ya watu weusi, na wanafunzi wengine walicheka. Tendo hili linavunja kifungu cha 4 cha mwongozo wa shule na ni kinyume cha imani yetu.*

*Mkuu wa shule ndiye anayesimamia uchunguzi. Familia zinazohusika zimeshazungumza naye. Majina na adhabu hatutayatangaza kwa kuwa ni watoto.*

*Uamuzi utatolewa ifikapo tarehe 28. Siku hiyo mtapata barua ya pili itakayoeleza shule inabadilisha nini. Mwenye taarifa aje ofisini au aandike kabla ya Ijumaa."*

Ona vilivyomo: siku, saa, aina ya tendo, kifungu, mhusika, tarehe mbili. Ona visivyomo: "tukio la kusikitisha", "sisi ni familia moja", na sala ndefu ya kufungia. Sala iwepo kanisani, barua ifanye kazi ya barua. Hayo maneno "wengine walicheka" usiyaondoe. Wazazi wa waliocheka ndio wengi, na ndio wanaodhani barua haiwahusu.

#9 Katekista_Mstaafu

Naongeza upande wa upatanisho, maana hapa ndipo shule za Kikatoliki zinapoharibu kuliko shule za serikali, kwa sababu zina msamiati mzuri wa kujificha nyuma yake.

Kinachofanyika: watoto wawili wanaitwa ofisini, "ombaneni msamaha", wanapeana mikono, "Yesu alisema tusamehe saba mara sabini", kengele. Dakika nne. Aliyeumizwa akisita, anaonekana ndiye mwenye roho ngumu.

Sakramenti ya Kitubio yenyewe haiendi hivyo. Upande wa mwenye kutubu kuna majuto, maungamo na malipizi. Aliyeiba kuku anarudisha kuku, hata kama padri ameshamwondolea dhambi. Basi kikao cha upatanisho shuleni kifuate hapo hapo:

Kwanza, hakuna kikao kama mtenda hajakiri. Kikao na anayekana kinageuka mahakama, na mtoto aliyeumizwa anakuwa shahidi wa kuhojiwa.

Pili, aliyeumizwa na wazazi wake waridhie, na waambiwe wazi kwamba wakikataa adhabu haitabadilika. Akikataa, heshimu. Mtenda atafanya malipizi yake bila kikao.

Tatu, maandalizi. Msimamizi anakutana na kila upande peke yake, dakika 30 hadi 45. Kikao kinachovunjika huwa kimevunjikia kwenye maandalizi.

Nne, maswali machache, kwa mpangilio: nini kilitokea? Ulikuwa unafikiri nini? Nani ameumia, na vipi? Kinahitajika nini ili kirekebishwe? Usimuulize mtoto mweusi awaeleze wenzake "inajisikiaje kuwa mweusi". Hajaja kufundisha somo.

Tano, makubaliano yaandikwe: kitu gani, kufikia lini, nani anahakiki. Yaangaliwe baada ya wiki 2 na tena baada ya wiki 6. Malipizi yafanane na kosa. Aliyelisema mbele ya darasa alikanushe mbele ya darasa hilo. Kumpa kazi ya kuandika kurasa tano kuhusu Martin Luther King kunamfundisha kwamba King ni adhabu.

#10 Ngalawa_Mbovu

Hapo kwenye King umenipata, babu. Nauliza lakini: adhabu na kikao vinakaa pamoja? Au kikao ni njia ya watoto wa wafadhili kukwepa kusimamishwa?

#11 Katekista_Mstaafu

Vinakaa pamoja, na ni lazima vikae pamoja kwa sababu hiyo hiyo uliyoisema. Jedwali la adhabu liwe limechapishwa kwenye mwongozo kabla ya tukio: kosa la kwanza, la pili, la tatu, na matendo yanayoruka ngazi moja kwa moja, mfano vurugu au kitanzi cha kamba kilichoning'inizwa. Likishachapishwa, mkuu wa shule ana mahali pa kuegemea mzazi tajiri akimpigia paroko simu usiku. Na atapiga.

#12 Mhasibu_wa_Haki

Tumeongelea tusi, ambalo kila mtu analiona. Mimi nije kwenye lisiloonekana: nani anaadhibiwa.

Chukua mfano wa kubuni. Shule ina watoto 240, weusi 36. Kwa mwaka kuna barua 40 za kubakizwa baada ya masomo, 14 kati yake ni za watoto weusi. Usiseme "14 kati ya 40, si wengi". Gawanya kwa kundi. 14 kwa 36 ni asilimia 38.9. Wengine ni 26 kwa 204, asilimia 12.7. Uwiano ni mara 3.

Usikimbilie kupiga kelele, kuna mtego wa namba ndogo. Huenda mtoto mmoja ana barua tano. Hesabu na VICHWA. Tuseme 14 zile ni za watoto 9, na 26 zile ni za watoto 22: asilimia 25 dhidi ya 10.8, uwiano 2.3. Umepungua, haujaisha. Ndipo upange makosa mafungu mawili: yanayopimika (kuchelewa, simu darasani, kupigana) na yanayotegemea jicho la mwalimu (dharau, "mtazamo mbaya", kelele). Pengo kubwa likiwa kwenye fungu la pili, tatizo liko kwenye jicho. Dawa yake ni kulazimisha fomu ieleze tendo lenyewe: si "alionyesha dharau", bali "aliambiwa akae, akaendelea kusimama".

Shule ikikujibu "sisi hatuhesabu watoto kwa rangi, wote ni wa Mungu", jibu ni la kodi. Tangu 1975 mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, kupitia utaratibu wake 75-50, inazitaka shule binafsi zenye msamaha wa kodi ziwe na sera ya maandishi ya kutobagua, ziitangaze, na zitunze kwa angalau miaka 3 kumbukumbu za mchanganyiko wa rangi wa wanafunzi, walimu na watawala, pamoja na za misaada ya ada. Tangu 2019 tangazo linaweza kuwekwa kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti ya shule, na liwepo muda wote. Kila mwaka kuna uthibitisho, na shule za kanisa hutumia fomu 5578. Kwa hiyo namba zipo kwenye kabati. Na IRS haitishi nyau: mwaka 1983, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Bob Jones, Mahakama Kuu iliamua kwamba taasisi ya kidini inayobagua inaweza kunyimwa msamaha wa kodi.

#13 Bi_Mkubwa_wa_Dayton

Na nywele je? Miongozo mingi inasema "mitindo iliyopita kiasi hairuhusiwi". Kiasi cha nani? Twende kilioni ni kupita kiasi?

#14 Mhasibu_wa_Haki

Swali zuri, na ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha. California ilikuwa ya kwanza kupitisha sheria ya kulinda nywele za asili, 2019, na majimbo mengi yakafuata. Angalizo la lugha: "jimbo" kwetu ni la askofu na pia ni la gavana. Hapa namaanisha la gavana. Sheria hizo hazifanani, na kwingine shule za dini hazimo. Usiingie kikao ukidhani sheria iko upande wako kabla hujaisoma ya kwenu.

Njia fupi ni kubadilisha kifungu. Ondoa "kupita kiasi", "nadhifu", "za kawaida". Weka kinachopimika: "Nywele zisizibe macho. Maabara na kwenye mashine zifungwe nyuma. Misuko, rasta, dredi, afro na vilemba vya nywele vinaruhusiwa kwa wavulana na wasichana." Mistari mitatu. Urefu kwa wavulana ndio huleta ugomvi, kwa sababu "isiguse kola" ikitumika kwa dredi ni marufuku ya dredi kwa jina lingine.

#15 Chuma_cha_Reli

Nikumbushe mamlaka, maana wazazi wanaandika barua kwa mtu asiye na uwezo. Shule ya parokia: mkuu wa shule, kisha paroko, kisha msimamizi wa shule za jimbo la Kanisa. Shule ya shirika (Wajesuiti, Masista wa Huruma na wengineo): mkuu wa shule, rais wa shule au bodi, kisha uongozi wa shirika. Askofu hasimamii uendeshaji wao wa kila siku.

Lakini jina "Katoliki" liko mikononi mwa askofu, kanuni 803 ya sheria za Kanisa. Worcester, Massachusetts, palikuwa na mfano Juni 2022. Shule ya Nativity, ya Wajesuiti, inayosomesha bila ada wavulana wa familia zenye kipato kidogo, wengi wao si weupe, ilikuwa imepandisha bendera ya Black Lives Matter (harakati ya kutetea uhai wa watu weusi) na ya upinde wa mvua (ya kutetea wapenzi wa jinsia moja). Askofu Robert McManus akatoa amri kwamba shule isijiite tena ya Kikatoliki wala Misa isiadhimishwe pale. Sitaki tuanze ligi ya nani alikuwa sahihi, mods watafunga uzi. Funzo la kikazi: kama hoja yenu ni haki ya watoto weusi, iwekeni kwanza kwenye sera, nidhamu na bajeti, ambako nyaraka za maaskofu wenyewe zinawabeba. Mkianzia kwenye mlingoti, mjadala wote utahamia kwenye mlingoti.

#16 Kinyago_cha_Mpingo

Liturujia ina kazi yake pia, watu wasiidharau. Kalenda ina sikukuu za watakatifu weusi na waliowatumikia weusi, inatoa nafasi bila kusubiri msiba: Petro Claver 9 Septemba, Martin de Porres 3 Novemba, Yosefina Bakhita 8 Februari, Karoli Lwanga na wenzake 3 Juni (shule nyingi huko zinakuwa zinafunga, kwa hiyo asogezwe). Novemba ni mwezi wa historia ya Wakatoliki weusi Marekani tangu 1990.

Maombi ya waamini yataje jambo. "Tuwaombee wote wanaoteseka" ni ombi la kila Jumapili. Na homilia isimgeuze Bakhita kuwa hadithi ya mtumwa aliyesamehe tu. Italia, mwaka 1889, alikataa kurudi na aliyedai kummiliki, jambo likafika mahakamani, na mahakama ikamtambua kuwa huru. Watoto wote wanahitaji kusikia kwamba mtakatifu huyo alisema "siendi".

Historia ya shule zenyewe ifundishwe. Masista wa Oblate wa Baltimore, shirika la watawa weusi lililoanzishwa na Mama Mary Lange 1829, walikuwa na shule ya wasichana weusi wakati utumwa ungali halali Maryland, na Akademia ya Mtakatifu Fransiska ipo hadi leo.

#17 Mhasibu_wa_Haki

Na upande wa pili wa Maryland hiyo hiyo: 1838 Wajesuiti waliuza watu 272 kwenda Louisiana kwa dola 115,000, na sehemu ya fedha ikaokoa chuo cha Georgetown kwenye madeni. Aprili 2019 wanafunzi walipiga kura, theluthi mbili wakakubali kujitoza dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya wazao wa waliouzwa. Chuo hakikuitekeleza ada hiyo. Kiliahidi badala yake mfuko wa hiari wa kama dola 400,000 kwa mwaka. Machi 2021 Wajesuiti wenyewe wakaahidi dola milioni 100 kupitia taasisi iliyoundwa pamoja na wazao.

Tofauti ya ada na hiari si ndogo. Ada ina namba, ina siku ya kulipa, na ina mtu wa kuulizwa isipolipwa. Kwa shule ndogo hali ni hiyo hiyo: "tutatafuta wafadhili wa ada za watoto weusi" si sawa na kutenga nafasi 4 za ada kamili kwenye bajeti inayopitishwa Machi.

#18 Bi_Mkubwa_wa_Dayton

Swali la mwisho. Mzazi akigonga kote hapo, paroko kanyamaza, jimbo limenyamaza, anaenda wapi? Na wengi wanaogopa kupoteza punguzo la ada.

#19 Mhasibu_wa_Haki

Njia ni mbili, na kila moja ina mlango wake.

Mtoto akikataliwa au akifukuzwa kwa sababu ya rangi, ipo sheria ya 1866 ya usawa katika mikataba. Mahakama Kuu ilisema 1976, kesi ya Runyon, kwamba inazibana hata shule binafsi. Hiyo ni kazi ya wakili.

Manyanyaso ndani ya shule: uliza kwanza kama shule inapokea fedha za serikali kuu. Kifungu cha VI cha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kinafuata fedha. Nyingi hazipokei moja kwa moja, lakini zilizo kwenye mpango wa taifa wa chakula cha mchana zinapokea kupitia Wizara ya Kilimo, na malalamiko huenda huko. Kama fedha ni za Wizara ya Elimu, ni ofisi yake ya haki za kiraia. Tegemea foleni: Machi 2025 ofisi zake 7 kati ya 12 za kanda zilifungwa. Huduma za ziada ambazo wilaya inampa mtoto kwenye shule binafsi kwa kawaida haziifanyi shule kuwa mpokeaji, usipoteze muda hapo.

Ukomo ni siku 180 tangu tendo. Siku za kalenda, pamoja na Jumapili na likizo ya Krismasi. Kumsubiri paroko hakusimamishi saa.

Kuhusu punguzo la ada: omba barua ya punguzo yenye muda na masharti KABLA ya kulalamika. Malalamiko yawe ya maandishi, siku moja na tukio, yakitaja kifungu cha mwongozo, na yaombe jibu ndani ya siku 5 za kazi. Kulipiza kisasi kwa aliyelalamika ni kosa linalojitegemea chini ya Kifungu cha VI, lakini huwezi kulithibitisha kama lalamiko lako lilikuwa la mdomo pale kwenye maegesho ya magari.

#20 Karani_wa_Kigango

Nimeyakusanya ya #6, #8 na #12 kwenye ukurasa mmoja wa kuchapa, nitaubandika juu ya uzi kesho. Mlezi, kwenye fomu ya tukio niweke mistari mingapi ya "maneno yake kama yalivyotoka"?

#21 Mlezi_Zamu

Kumi. Na pembeni kisanduku cha saa. Wanasahau saa kila mara.